Impreza WRX za 1992 hadi 2000: breki kubwa na rimu mpya kwa barabara za Uganda, pesa ianzie wapi?

Bwana_Diski, Kampala

Wanajukwaa, ninafungua uzi huu kwa sababu swali hili limekuwa likijitokeza katika mada nyingine na kujibiwa nusu nusu. Mtu ana Subaru Impreza WRX ya kizazi cha kwanza, anataka breki zenye nguvu na rimu za kupendeza, na jambo la kwanza analouliza ni bei ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za chapa ya Brembo, ilhali hajatazama tairi zake zilitengenezwa mwaka gani. Magari haya hayaongezeki tena nchini. Tangu sheria ya usafiri na usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018, gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa Uganda, kwa hiyo Impreza zilizopo ndizo hizo hizo tutakazobaki nazo, na kila kipuri kinachofungwa vibaya kinapunguza idadi yake.

Msimamo wangu ni kwamba breki na rimu ni uamuzi mmoja, si miwili. Ukubwa wa kalipa na diski ndio unaoweka kipenyo cha chini kabisa cha rimu, rimu ndiyo inayoamua kimo cha ukuta wa tairi, na ukuta wa tairi ndio unaokutana na mashimo ya Kampala. Kwa gari linalokwenda kazini kila siku na mikoani mwisho wa mwezi, naona mahali pazuri pa kusimama ni kalipa ya pistoni 4 ya Subaru yenyewe, ile iliyofungwa kwenye matoleo ya baadaye ya kizazi cha kwanza na kwenye WRX nyingi za kizazi cha pili, pamoja na diski ya mbele ya mm 294 na rimu ya inchi 16. Kalipa hiyo inaingia kwenye matundu yale yale ya bolti ya gari lililotoka kiwandani na diski za mm 277, bila kuchonga wala kuongeza chuma.

Nianze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana juu ya rangi ya kalipa. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,300 likienda kilomita 80 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 320 hivi. Likifika kilomita 100 nishati hiyo inapanda hadi kilojuli 500, na kwenye 120 inapita kilojuli 720. Joto hilo lote linaingia kwenye diski kwanza, kisha ndipo upepo unapolichukua. Lakini kinachosimamisha gari, mwisho wa yote, ni tairi juu ya lami. Ikiwa breki zako za sasa zinaweza kufunga magurudumu au kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) ukikanyaga kwa nguvu mara moja kwenye kilomita 100, basi zimekwisha kufika kikomo cha tairi, na kalipa kubwa zaidi haitakupunguzia hata mita moja katika kusimama huko kwa mara ya kwanza. Tairi nzuri yenye msuguano wa 0.9 kwenye lami kavu inasimamisha gari kutoka kilomita 100 ndani ya mita 44 hivi, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Tairi iliyozeeka na kukauka, msuguano ukishuka hadi 0.7, inahitaji mita 56. Hizo mita 12 ndizo urefu wa matatu mbili na zaidi, na hakuna kalipa inayozirudisha.

Faida ya breki kubwa inaonekana pale joto linapojirundika. Chukueni mteremko wa kutoka Kapchorwa kuelekea tambarare za Bulambuli. Kila mita 100 ambazo gari hilo la kilo 1,300 linashuka huzalisha karibu megajuli 1.3. Ukishuka mita 600, ni megajuli 7.6, sawa na kusimama kabisa kutoka kilomita 100 mara 15 mfululizo. Injini ikiwa kwenye gia ya chini inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na upepo nao unachukua wake, lakini dereva anayeshuka kwa gia ya juu huku mguu ukiwa juu ya breki anaupeleka wote kwenye diski nne. Hapo ndipo pedi hafifu huanza kunuka na kuteleza, na mafuta ya breki yaliyokwisha kunywa maji huchemka.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa matumizi ya pesa ni huu. Tairi kwanza. Kisha mafuta ya breki, hosi na pedi, ukiacha kalipa za sasa zikiwa zimesafishwa na kufungwa mpira mpya. Baada ya hapo panda mlima uupendao, ushuke, na ujiulize kama bado kuna kinachokosekana. Wengi hawarudi tena kuuliza kuhusu Brembo.

Mafuta ya breki yanastahili maneno zaidi, kwa sababu ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachosahauliwa. Yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, na sisi tunaishi kando ya ziwa kubwa. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Zote tatu zinachanganyika. DOT 5, isiyo na nukta moja mbele yake, ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, wala haifai kwa gari lenye ABS. Badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari limesimama chini ya turubai.

Kuhusu pedi, geuza bamba la nyuma usome herufi mbili zilizochapwa, kwa mfano FF au GF. Ya kwanza ni msuguano zikiwa baridi, ya pili ni zikiwa zimepata joto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya EE inayouzwa kwenye kasha lenye picha ya gari la mashindano ni pedi dhaifu, picha iwe ya nani. Pedi isiyo na alama yoyote mimi siinunui, hata muuzaji akiapa. Jihadharini pia na pedi za mashindano halisi, ambazo hazishiki vizuri mpaka zipate moto: asubuhi ya mvua kwenye makutano ya Wandegeya hutakuwa na muda wa kuzipasha.

Kijana_wa_Ntinda

Ahsante, Bwana Diski, kwa maelezo marefu. Nina swali la rimu. Fundi mmoja ameniletea rimu za aloi za inchi 16 zilizotoka kwenye Toyota Wish, zina matundu matano, na anasema PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya bolti) ni ile ile ya mm 100, kwa hiyo zitaingia kwenye Impreza yangu ya 1998 bila tatizo. Bei yake ni nafuu sana kuliko rimu za Subaru. Je, nizichukue?

Mzee_wa_Bombo

Asalaam alaikum, ndugu zangu. Nimefunga na kufungua magari haya tangu yalipoanza kuingia, kwa hiyo naomba nimjibu kijana.

PCD ni kweli. Wish ya kizazi cha kwanza ni 5×100, Premio ya miaka ya 2000 pia, na Impreza yako pia. Ukitaka kuhakikisha wewe mwenyewe bila kumtegemea mtu, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata: ukipata mm 58.8 hiyo ni 100, ukipata mm 67.2 hiyo ni 114.3. Usipime kutoka tundu hadi tundu la upande wa pili kama rimu ya matundu manne, maana kwenye matundu matano hakuna linalotazamana na jingine.

Lakini PCD ni sharti moja tu kati ya manne. Tundu la katikati la rimu ya kiwandani ya Toyota hiyo ni mm 54.1, ilhali habu ya Subaru, yaani kitovu ambacho rimu inakalia, ni mm 56.1. Rimu haitakaa. Itagota kwenye ukingo wa habu na kubaki imeinuka kidogo, na fundi mwenye haraka ataivuta kwa nati hadi ionekane imekaa. Ni lazima tundu lipanuliwe kwenye mashine ya kukereza, kwa kipimo, na si kwa tupa. Kinyume chake hutokea kwenye rimu zisizo za kiwandani, ambazo nyingi zina tundu kubwa, mm 73.1 likiwa la kawaida sana. Hizo zinahitaji pete ya kujazia, nje 73.1 na ndani 56.1, ili rimu ikae katikati ya habu. Bila pete utahisi usukani unatetemeka kwenye kilomita 90 na utawalipa watu wa kubalansi bure.

Sharti la tatu ndilo linaloua. Bolti za Subaru ni M12 zenye meno ya mm 1.25. Nati za Toyota ni M12 zenye meno ya mm 1.5. Kipenyo ni kimoja, na Kampala nzima imejaa nati za Toyota. Nati ya 1.5 ukiianzisha kwa mkono kwenye bolti ya Subaru itazunguka kidogo kisha itakwama, na hapo ndipo mtu huchukua mashine ya upepo na kuilazimisha. Inaingia, naam, huku ikikata meno. Gurudumu la namna hiyo linashikiliwa na bahati. Kanuni ya gereji yangu ni kwamba nati yoyote lazima izunguke kwa vidole hadi iguse rimu, na isipofanya hivyo haifungwi.

La nne ni umbo la nati. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, ilhali za Subaru ni za koni ya nyuzi 60. Koni ndani ya kiti bapa inagusa kwenye ukingo mwembamba tu, na inalegea. Kijana, kwa gharama ya kukereza na kutafuta nati sahihi, utakuwa umefika bei ya rimu za Subaru. Tafuta za Subaru.

Kijana_wa_Ntinda

Nimeelewa, Mzee, na nashukuru. Nimemrudishia rimu zake.

Dada_wa_Mbale

Ninakubaliana na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa, lakini sikubaliani na Bwana Diski anapoweka mpaka kwenye pistoni 4 na inchi 16 kana kwamba kila mtu anaishi Ntinda, Kampala. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon tunapanda na kushuka kila wiki. Kalipa za Brembo za STI (toleo kali zaidi la WRX) ya kizazi cha pili, zile za kabla ya Subaru kuhamia PCD ya 114.3, zinakuja na diski ya mbele ya mm 326 yenye unene wa mm 30, dhidi ya mm 294 na unene wa 24. Huo ni uzito mkubwa zaidi wa chuma wa kubeba joto, na kwenye mteremko mrefu chuma ndicho kinachohesabika. Zinafungika mbele bila kuchonga. Na hoja ya ukuta wa tairi naona imetiwa chumvi: 205/50R16 (upana mm 205, ukuta asilimia 50 ya upana, rimu inchi 16) ina ukuta wa mm 102, na 215/45R17 ina mm 97. Je, mm 5 ndizo zitakazoniokoa kwenye shimo?

Mimi nimetumia mfumo huo kwa muda mrefu, nimeshuka Kapchorwa nikiwa na watu wanne na mizigo, na kanyagio halijabadilika hata mara moja. Nawaombeni msiwakatishe tamaa watu wenye sababu ya kweli.

Bwana_Diski, Kampala

Dada yangu, kwa matumizi yako sina ubishi: diski ya mm 326 inabeba joto zaidi, na mtu anayeshuka kila wiki akiwa na abiria anaihitaji. Ningependa tu wasomaji waone gharama nzima inayokuja nyuma ya kalipa hizo mbili.

Kwanza, hesabu ya ukuta ni sahihi lakini haijakamilika. Tairi ya 205/50R16 ina kipenyo cha mm 611. Tairi ya 215/45R17 ina mm 625, yaani imekua kwa asilimia 2.3. Kipima mwendo kikisema 100 wewe unakwenda 102 na zaidi, gia zinakuwa ndefu kidogo, na kwenye gari lililoshushwa kwa springi fupi tairi inasugua matao ya bodi ukikata kona na abiria nyuma. Watu wakishaona inasugua, wanakimbilia 215/40R17, ambayo kipenyo chake ni mm 604 na ukuta wake umebaki mm 86. Huko ndiko ninakokuogopa, si kwenye 45. Kati ya hizo mbili ipo 205/45R17, kipenyo mm 616, ukuta mm 92, na kama ni lazima inchi 17 mimi ningeitafuta hiyo kwanza.

Pili, uwiano wa mbele na nyuma. Ukiongeza nguvu ya breki za mbele peke yake, sehemu kubwa zaidi ya kazi inakwenda mbele, za nyuma zinakaa tu zikitazama, na unaweza kujikuta umefunga diski za gharama na gari likasimama mbali zaidi kuliko awali kwa sababu tairi za mbele zinafika kikomo mapema. Kalipa ya pistoni 4 na diski ya mm 294 ilipangwa na Subaru pamoja na breki za nyuma za kawaida, ndiyo maana naipenda. Brembo za mbele zinataka na za nyuma zifuate, na nyuma si jambo la kufunga tu: breki ya mkono ya gari hili ni viatu vidogo vilivyomo ndani ya kofia ya diski ya nyuma (sehemu yake ya katikati iliyoinuka), na kipenyo cha kofia hiyo lazima kioane na viatu ulivyonavyo. Nimeona gari lenye kalipa za rangi ya dhahabu kwenye magurudumu yote manne, lakini likiegeshwa kwenye kilima cha Muyenga linawekewa jiwe.

Tatu, silinda kuu, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga. Kalipa zenye pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kusogea umbali ule ule, kwa hiyo kanyagio linashuka chini zaidi kabla ya kushika. Ukibadilisha silinda kuu uweke yenye kipenyo kikubwa, kanyagio linarudi juu na kuwa gumu, lakini mguu unahitaji nguvu zaidi. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za pwani havilitaji. Busta ya breki, inayousaidia mguu kusukuma kanyagio, inafanya kazi kwa tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na ombwe la injini. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kabale ni karibu mita 2,000, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Busta inakusaidia zaidi Mombasa kuliko Kabale. Mtu aliyefunga silinda kuu kubwa na kuipenda kwenye barabara ya Entebbe ataihisi imekuwa nzito akiwa kwenye kona za kwenda Kisoro, na wala hakuna kilichoharibika. Hewa hiyo nyepesi pia inapoza diski polepole zaidi, jambo ambalo, nakiri, linaongeza uzito kwenye hoja yako.

Dada_wa_Mbale

Hilo la nyuma nalikubali. Mimi nilifunga mbele na nyuma kwa pamoja, na viatu vya breki ya mkono ndivyo vilivyochukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Kuhusu 205/45R17, tatizo ni upatikanaji wake huku. Ukipasuka ukuta Mbale siku ya Jumapili, utapata 215/45 ya mtumba, na 205/45 utaisubiri kutoka Kampala.

Mzee_wa_Bombo

Na gari hili likiwa la kuvuta magurudumu manne, usimfungie mtu tairi moja mpya na tatu zilizokwisha. Difa ya katikati (gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) inaona magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti muda wote, inapata joto, na mwishowe inakufa. Tairi nne, chapa moja, saizi moja, uchakavu ulio sawa. Mtumba ukiwa ndio uwezo, nunua zote nne kutoka gari moja, na usome namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT ya ukuta wa tairi (si ile ya mafuta ya breki): 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri na umri wa miaka kumi mimi naiita plastiki.

Arua_Lami_na_Vumbi

Mimi natokea West Nile, na ningependa kujua kuhusu diski zenye matundu na zenye mifereji. Rafiki zangu wanasema zinapoza haraka zaidi na ndizo magari ya mashindano yanazotumia. Pia, ninataka kununua rimu za 17×7.5 zenye ET48, wakati za sasa ni 16×7 zenye ET53 (ET ni umbali kwa mm kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu). Zitagusa wapi?

Bwana_Diski, Kampala

Ndugu, kwa barabara zako ningekaa mbali na matundu. Kila tundu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanza diski inapopata moto na kupoa ghafla kwenye dimbwi, na vumbi jekundu pamoja na kokoto ndogo hujaa ndani yake na kusaga pedi. Mifereji michache inasaidia kufagia uchafu na ninaivumilia. Diski wazi, yenye njia za hewa katikati, chuma chake kikiwa kizuri, inatosha kwa karibu kila mtu hapa. Diski hiyo ina unene wa chini uliochapwa ukingoni au ndani ya kofia. Kwa ile ya mm 24, kikomo ni mm 22. Watu wanaoipeleka kwa mkerezaji kila inapotetemeka wanazimaliza hizo mm 2 haraka, na baada ya hapo diski haina chuma cha kubeba joto.

Kuhusu ET, hesabu yake ni rahisi. Rimu imeongezeka upana kwa nusu inchi, yaani mm 12.7, nusu ya hiyo ndani na nusu nje, mm 6.35 kila upande. ET imepungua kwa 5, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje kwa mm 5. Upande wa nje imetoka mm 11.35 kuliko zamani, na upande wa ndani imekaribia shokomzoba kwa mm 1.35 tu. Ndani uko salama. Nje, gari likiwa na kimo chake cha kiwandani, tairi ya 205 au 215 itakaa chini ya tao la bodi. Likiwa limeshushwa, tazama ukingo wa tao la nyuma kabla hujalipa. Wanaouza rimu za ET35 kwa gari hili wanakuuzia muonekano. Beringi za magurudumu zinabeba mzigo ulio mbali na mahali ulipopangwa, na usukani unaanza kuvutwa na kila mfereji wa lami.

Ila ET haikuambii kama kalipa itapita nyuma ya spoku. Rimu mbili zenye upana na ET sawa zinaweza kutofautiana, moja spoku zake zimejipinda nje, nyingine zimenyooka na kugonga kalipa. Kalipa ya pistoni 4 inagoma kuingia kwenye rimu kadhaa za inchi 16, na Brembo inataka 17 na bado inazikataa baadhi. Weka rimu tupu bila tairi, funga nati mbili kwa vidole, zungusha kwa mkono. Ukitaka uhakika, bandika kipande cha plastisini juu ya kalipa uone kimebaki unene gani. Chini ya mm 3 mimi sifungi. Spesa (bamba la kuisogeza rimu nje) za kuchongesha Katwe kwa ajili ya kupata nafasi hiyo sizikubali, kwa sababu bolti zinabaki na meno machache ndani ya nati na hakuna kinachoiweka spesa katikati ya habu. Vivyo hivyo rimu iliyotobolewa matundu mapya kutoka 114.3 kwenda 100, au iliyopasuka na kuchomelewa.

Arua_Lami_na_Vumbi

Nashukuru sana. Swali la mwisho: nimenunua kalipa za pistoni 4 kwenye soko la vipuri la Kisekka, zimetoka Japani, fundi amezifunga, ametoa upepo mara nyingi, na kanyagio bado ni laini kama sifongo. Anasema silinda kuu imekufa.

Mzee_wa_Bombo

Kabla hujanunua silinda kuu, inama utazame skrubu za kutolea upepo ziko wapi. Zinapaswa kuwa juu kabisa ya kalipa. Zikiwa chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Zinafungika bila shida, gari linatembea, lakini hewa inapanda juu na kubaki hapo, na unaweza kumwaga chupa tatu za mafuta bila kuitoa.

Kalipa zikiwa pande sahihi, kagua hosi za mpira. Hosi ya miaka 25 inavimba ukikanyaga. Mwambie mtu akanyage na wewe uishike kwa kiganja, utaihisi. Hosi zilizosukwa kwa nyuzi za chuma ni nzuri ikiwa zimetengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo, na mpya za mpira zinatosha. Pistoni nazo uzivute nje uone kama zina kutu, maana kalipa iliyosafiri kwenye kontena huwa na maji nyuma ya mpira, na ukiikuta pistoni yenye vishimo hutaiponya kwa msasa.

Baada ya hayo yote, ukikaza magurudumu tumia spana yenye kipimo, Nm 90 hivi, kwa kuruka nati moja baada ya nyingine kama nyota, gari likiwa bado jeki haijashuka kabisa. Mashine ya upepo inakaza nati moja mara mbili ya jirani yake, habu na diski vinajipinda kidogo, na baada ya wiki chache mteja anarudi akisema diski zimepinda. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kijana_wa_Ntinda

Mzee, pedi mpya zinahitaji kuzoezwa kweli, au ni maneno ya wauzaji?

Mzee_wa_Bombo

Zinahitaji. Pedi inapaswa kuacha utando mwembamba ulio sawa juu ya diski. Nenda barabara tupu alfajiri, mimi huwapeleka baada ya Mpigi kwenye barabara ya Masaka, endesha kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, punguza hadi 20 kwa kukanyaga kwa wastani, usisimame kabisa, panda tena, rudia mara nane au kumi, kisha endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Usizikanyage breki gari likiwa limesimama na diski zikiwa moto, kwa sababu pedi inaacha alama yake mahali pamoja na mtetemo unaanzia hapo. Ukifika kwenye vizuizi vya polisi ukiwa bado katika zoezi hilo, acha nafasi ya kutambaa polepole.

Arua_Lami_na_Vumbi

Nimeinama kutazama kama ulivyosema, Mzee. Skrubu zote ziko chini. Fundi anazibadilisha kalipa pande leo mchana, na nimemwagiza hosi mpya kabisa za mbele pamoja na DOT 4.